Bwawa Lipo

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie. Natumai mu wazima huko, wewe na shemeji. Mimi huku sijambo. Mgongo tu ndio unaonikumbusha umri, lakini bado nainama na kuinuka, mashine za kufulia za hapa hotelini hazijui kama mtu anazeeka.

Nimekupigia simu mara nyingi tangu mwaka uanze, inaita mpaka inakata. Sikulaumu. Hata ile siku uliyopokea, mwezi wa tisa, tulikaa tunasikilizana tunavyopumua mpaka salio likaisha. Ndiyo maana nimeona niandike. Barua haimlazimishi mtu kujibu papo hapo.

Neno lenyewe ni la nyumba yangu hiyo unayonitunzia. Wakala anayetutafutia wageni ameniandikia. Anasema nyumba imefungwa mwaka na zaidi, na isipofunguliwa kabla ya mwezi wa tisa ataifuta kwenye orodha yake. Tena sasa wana sharti jipya: kila nyumba ya kukodisha kwa wageni wa likizo inakaguliwa kama inatunza mazingira. Ukifaulu unawekewa alama ya jani la kijani kando ya jina la nyumba, ukifeli wanakusukuma chini kabisa ya orodha, huko ambako hakuna mgeni anayeshuka kuangalia. Mkaguzi atakuja mwezi wa sita.

Kwa hiyo naomba, mdogo wangu, tuanze taratibu. Taa zote zibadilishwe, tuweke zile zinazokula umeme kidogo. Mabomba yanayodondoka yazibwe. Vile vichupa vidogo vya shampuu tuviache, tuweke chupa kubwa za kujazwa ukutani. Maji ya kunywa yasinunuliwe tena ya chupa, nunua chujio kubwa jikoni. Mabaki ya chakula yaozeshwe nyuma ya nyumba yawe mbolea. Hita ya umeme itoke, ije ya jua.

Mwisho kuna bwawa. Wanasema hilo ndilo linalokula maji na umeme kuliko vitu vyote, na kwamba linafaa kuwekewa kifuniko ili maji yasipotee kwa jua. Tuliache la mwisho. Najua tangu mtoto wetu Chiriku azame mle hujaingia nyumba kubwa ila kufagia na kurudi chumba chenu cha nyuma.

Lakini nadhani kazi itakusaidia. Mimi imenisaidia. Nafua.

Msalimie sana shemeji.

Ni mimi dada yako


26 Februari

Dada, shikamoo.

Barua imefika. Mimi sijambo. Shemeji yako naye hajambo, nadhani. Anaishi karakana kwake tangu mwezi wa tano mwaka jana, huko anakochomelea mageti. Hatukugombana. Alichukua godoro moja, akasema ana kazi nyingi, na kazi zikaendelea kuwa nyingi. Sikukwambia kwa sababu sikuona kama ni habari.

Nimefanya hivi. Taa ni thelathini na moja, nimezibadilisha mwenyewe kwa ngazi, siku mbili. Vichupa vya shampuu nimevimimina vyote kwenye chupa kubwa. Vilikuwa vya harufu mbalimbali, sasa imekuwa harufu moja isiyo na jina. Chujio la maji nimelinunua, liko pale palipokuwa na birika la umeme. Kusafishia vyoo natumia siki na magadi, nimesoma kwenye ile karatasi ya wakala uliyoitia ndani ya bahasha. Vinasafika. Nyumba inanuka kachumbari kwa saa moja halafu inaacha.

Mabaki ya chakula nimeyachimbia shimo nyuma ya stoo, ila mabaki hayapo, kwa kuwa nakula mwenyewe na nakula kidogo. Jirani wa upande wa kushoto ananiletea maganda yake. Anafurahi, anasema amepata jalala lenye adabu.

Mabomba yanamsubiri fundi. Ni yule yule tunayemwita Fundi Kesho. Nilimuuliza, "Unakuja lini?" Akasema, "Kesho." Nikamwambia, "Hata jana ulisema kesho." Akanijibu, "Ndiyo, na kesho yenyewe haijafika." Zamani ningecheka mpaka nishike ukuta. Niliona kwamba amesema jambo la kuchekesha, kama mtu anavyoona gari limepita.

Shuka za chumba cha juu zimeota madoa ya unyevu. Nimezianika.

Bwawa lipo.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Habari za tangu siku zile? Mimi mzima. Mgongo umetulia baada ya kupakwa dawa na mwenzangu wa zamu, mwanamke mwenye mikono kama koleo. Alinikanda nikaomba msamaha kwa makosa ambayo sijayatenda.

Nimesikitika sana kuhusu shemeji. Sijui niseme nini, na wewe umeliandika kama mtu anayesema mvua haijanyesha. Lakini kwa kazi ya nyumba nimekuvulia kofia. Taa thelathini na moja peke yako juu ya ngazi! Ungeanguka je?

Nikuchekeshe kidogo. Hapa hotelini kila chumba kina kikadi kinachosema, ukitundika taulo lako tutajua unataka kulitumia tena, hivyo unatunza mazingira. Juzi mgeni mmoja ametundika taulo moja kwa heshima zote juu ya kikadi, halafu sakafuni ametupa sita. Sisi wa kufulia tukasema huyu ametunza mazingira kwa mkono wa kulia tu. Andika vikadi kama hivyo na sisi tuviweke, ila uviandike kwa lugha ya kubembeleza.

Hita ya jua nimeshaiagiza, italetwa na gari la duka mwanzoni mwa mwezi ujao. Inahitaji stendi ya chuma juu ya paa. Mwombe shemeji. Najua ulivyo, utataka kumtafuta fundi mwingine. Mwombe yeye.

Sasa, kuhusu bwawa hujanijibu. Limejaa au limekauka? Pampu ilizimwa? Wakala anataka picha mpya, anasema watu wanachagua nyumba kwa bwawa. Nimeona kifuniko cha plastiki kinachokunjika, kinafunguliwa mgeni akiogelea na kufungwa akimaliza. Kinaokoa maji zaidi ya nusu. Fikiria, unijibu.

Kula vizuri, tafadhali.

Dada yako anayekuwaza


15 Aprili

Dada, shikamoo.

Mimi sijambo. Mgongo pole.

Hita imefungwa. Maji yanatoka ya moto kuanzia saa nne asubuhi. Fundi Kesho alikuja siku ile ile aliyosema atakuja, majirani wakatoka nje kutazama. Stendi ameichomelea shemeji yako.

Nilimtumia ujumbe, akaja Jumamosi na mashine yake. Alipima, akakata vyuma, akachomelea, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Nilimpa chai, akainywa amesimama mlangoni.

"Umepungua," akasema.

"Na wewe."

"Unakula?"

"Nakula. Wewe je?"

"Nakula."

Halafu akasema stendi inataka mhimili mmoja zaidi upande wa kulia, nikamwambia aangalie stoo kama kuna kipande. Akakaa humo muda mrefu. Nilipomfuata nikamkuta amesimama mbele ya uzio.

Dada, uzio bado upo. Vipande kumi na viwili, na kijigeti chenye komeo la juu ambalo mtoto hafikii. Aliutengeneza kuzungushia bwawa. Ulikuwa umekamilika siku tisa kabla. Nilikupigia simu, unakumbuka. Nilikwambia shemeji yako amemaliza, anataka kuuchimbia Jumatatu. Ukasema tusubiri kwanza, mpiga picha wa wakala anakuja mwisho wa mwezi, uzio utaharibu picha, bwawa litaonekana kama zizi la mbuzi. Nikasema sawa. Nikamwambia baba Chiriku, dada anasema tusubiri. Naye akasema sawa, nyumba ni yake.

Pale stoo akaniuliza, "Ulishawahi kumwambia dada yako?"

"Kumwambia nini?"

"Kwamba uzio ulikuwa tayari, na mtoto akazama."

"Anajua."

"Anajua, au aliwahi kuambiwa baada ya msiba?"

Ndiyo maana nakuandikia. Sikuandikii kwa hasira. Nimeitafuta hasira sijaiona. Naandika kama nilivyokuandikia idadi ya taa.

Na la pili, maadamu nimeanza. Siku ile wageni walikuwa wametoka asubuhi, mimi nilikuwa chumba cha juu natandika vitanda. Chiriku alikuwa ananifuatafuata. Unajua jina lile alilipata kwa nini. Mama, kwa nini mto unavaa nguo? Mama, wageni wanapolala kwetu, kwao analala nani? Nikamwambia, mwanangu, hebu nirudishie masikio yangu dakika kumi. Akashuka chini. Kukawa kimya. Niliusikia ule ukimya, dada, nikafurahi. Nilitandika vitanda vitatu katika furaha ile.

Shemeji yako halijui hilo. Wewe ndiye wa kwanza.

Uliuliza kama bwawa limejaa. Pampu tuliizima siku ya mazishi. Hakuna aliyelitoa maji. Mvua zimeliongezea, lina rangi ya chai ya majani mabichi.

Choo cha chini bado kinavuja.

Mdogo wako


14 Juni

Dada, shikamoo.

Sijapata jibu la barua yangu ya mwezi wa nne. Labda imepotea, labda haikupotea. Mimi sijambo, natumai nawe hujambo.

Mkaguzi amekuja jana. Nilidhani atakuja mwanamume mwenye tai. Alikuwa mama mfupi wa makamo, amechomeka penseli kwenye nywele, na viatu vyake alivivua mlangoni kabla sijamwambia. Alikagua kila kitu. Alifungua bomba akakinga maji kwenye kikombe huku anaangalia saa. Alinusa shimo la mbolea akasema, "Safi." Nilimpa maji ya chujio, akanywa glasi mbili, nadhani ya pili ilikuwa ya kiu na si ya ukaguzi. Alisoma kikadi cha taulo nilichoandika, "Mgeni wetu, taulo hili halijakukosea, mbona unataka kulibadilisha?" Akacheka sana. Akaniuliza kama anaweza kukichukua kimoja aonyeshe ofisini.

Tukafika bwawani. Akatazama. Akaandika. Akasema mbu wanazaliana, akasema pampu ya zamani ni mlafi, akasema kifuniko kingesaidia. Kisha akaniuliza, "Kwa nini mmeliacha hivi? Nyumba nzima inang'aa."

Nikamwambia, "Mwanangu alifia humu."

Alichomoa ile penseli kichwani, akairudisha. Akakaa kwenye ukingo, na sketi yake nzuri, pale pale kwenye ukoga.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Mitano."

"Kwenye fomu hii," akasema, "hakuna mahali pa kuandika jambo hilo."

"Najua. Nimeisoma."

Tulikaa. Sikulia, naye hakunilazimisha kwa kunishika bega. Baadaye, kwa sauti ile ile ya kazi, akanieleza kwamba nyumba nyingi sasa zinafukia mabwawa yao. Ukilifukia unapewa alama nyingi kuliko za kifuniko, kwa sababu bwawa lisilokuwepo halili umeme. Au unalifunika kwa zege na kuligeuza tangi la maji ya mvua, hapo alama zinakuwa nyingi zaidi. Ila mkaguzi hawezi kuandika hivyo mpaka mwenye nyumba atie saini.

Nimeweka fomu humu ndani. Pa kutia saini pako chini, upande wa kulia. Utie au usitie, mimi nitaelewa. Nadhani nitaelewa.

Kuna mstari unaouliza sababu ya mabadiliko. Nimeuacha wazi.

Mdogo wako


9 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ya mwezi wa nne haikupotea.

Niliipokea mchana, nikaisomea kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nikaikunja, nikavaa aproni, nikarudi kwenye mashine. Nilifanya kazi mpaka zamu ikaisha, nikaomba na zamu ya mwenzangu. Nimekuwa hivyo tangu siku hiyo. Naingia, nafua, napiga pasi, natoka. Watu hapa wanasema nimekuwa hodari. Msimamizi amenisifu mbele ya wenzangu.

Nimeanza barua nne. Ya kwanza ilieleza kwamba sikusema "zizi la mbuzi". Niliiandika kurasa mbili, mdogo wangu, nikitetea neno moja. Halafu nikakumbuka hata mahali nilipokuwa nimesimama nilipolisema, karibu na dirisha, nakula embe, nacheka. Nilijiona nimesema jambo la kuchekesha. Nikaichana.

Kwa mwaka na miezi minane nimewaambia watu wa huku kwamba mtoto wa mdogo wangu alipata ajali. Wananiambia pole, nami napokea ile pole kama haki yangu. Sijawahi kuwaambia kuhusu uzio. Nafsi yangu mwenyewe sijaiambia. Nilijua kwamba ulikuwa umekamilika, na nikaona kutokuuliza uko wapi ni sawa na kutokujua. Jibu la swali la shemeji ni hilo. Nilijua. Mwonyeshe barua hii ukipenda.

Nilipokuja kwenye mazishi nililala kwenye nyumba kubwa, chumba cha mbele, na pale dirishani bwawa linaonekana lote. Nilifunga pazia. Hata hilo sikukwambia.

Kuhusu vitanda vitatu. Mtoto alinyamaza kwa kuwa mama yake alimwomba. Hakuna mama ambaye hajaomba hivyo, na wengine wanaomba kwa fimbo. Wewe uliomba kimya cha dakika kumi. Mimi niliomba picha. Usiviweke kwenye mizani moja, nakusihi. Na umwambie baba yake, usilibebe peke yako.

Fomu nimetia saini, iko humu. Pale walipouliza sababu nimeandika: "Mwenye nyumba alikosea." Kama mkaguzi atasema sababu hiyo haikubaliki, basi aniandikie mimi. Lifukieni. Au lifanyeni tangi, au chochote utakachotaka wewe na shemeji, hata kama jani lenyewe hatutalipata, hata kama wakala atatufuta. Ukisema nyumba nzima ibomolewe nitasaini pia.

Nina likizo mwezi wa kumi na moja, wiki tatu. Nataka kuja. Lakini siji mpaka uniambie nije. Na kuna neno nataka kukuuliza, nashindwa kuliandika bila kuonekana najidai. Umenisamehe? Au unaweza?

Dada yako


30 Agosti

Dada, shikamoo.

Barua na fomu vimefika salama. Mimi sijambo. Shemeji yako hajambo, hilo sasa naweza kulisema kwa uhakika kwa kuwa amekuwa hapa wiki nne.

Nilimpa barua yako. Aliisoma taratibu, maana macho yake yameharibiwa na cheche. Akaikunja akanirudishia. Akasema, "Basi." Nikamweleza na habari ya vitanda vitatu. Akasema siku ile yeye alikuwa karakana, redio imefunguliwa kwa sauti kubwa, na jirani alimpigia simu mara tano hakusikia, kwa sababu kulikuwa na mpira na alitaka kujua nani anafunga. Hakuwahi kuniambia. Kwa hiyo sisi sote watatu tulikuwa na kitu.

Mkaguzi alitaka tufanye tangi. Nikamkatalia. Nilimwambia sitaki maji yaliyojificha chini ya miguu yangu, nayataka juu ya ardhi niyaone. Tumepoteza alama hapo. Tumeweka matangi mawili meusi kwenye pembe za nyumba, mvua inashuka kwenye mifereji ya paa inaingia humo, yana mifuniko ya kufunga kwa funguo, na funguo ninazo mimi.

Bwawa tulilitoa maji siku tatu. Dawa ya kusafishia maji ilikwishaisha ndani yake zamani, kwa hiyo majirani walikuja na ndoo na mipira wakamwagilia bustani zao. Chini kulikuwa na matope, majani, kijiko, miwani ya mgeni fulani. Hakukuwa na kitu chake. Nilikuwa nimejiandaa kwamba kitakuwepo.

Kabla ya kufukia lazima sakafu itobolewe, vinginevyo mvua zikinyesha udongo unageuka uji. Fundi Kesho alileta vijana wenye mashine ya kutobolea, shemeji yako akawaambia wangoje. Akashuka na nyundo kubwa. Alianza mapema, akapiga mpaka jua likawa utosini. Mpini ukakatika, Fundi Kesho akakimbia kwake kuleta mwingine, akarudi nao saa ile ile. Nilisimama ukingoni na jagi la maji. Kila alipoinua kichwa nilimpa, akanywa, akaendelea. Sikuhisi chochote, dada. Niliona tu kwamba jasho lake linadondoka kwenye vigae na kukauka.

Zimeingia lori kumi na moja za kifusi na nne za udongo. Juu tumepanda nyasi zile ngumu zisizotaka kumwagiliwa. Uzio aliubeba kwenye mkokoteni akaenda nao. Sikumuuliza umefika wapi.

Tumepata jani. Wanatoa mpaka matatu, sisi wametupa moja. Mkaguzi amekuja mwenyewe kulibandika mlangoni, akakaa akala na sisi mchana.

Sasa swali lako. Nimelichukua nikatembea nalo karibu mwezi mzima. Nimejaribu kusema nimekusamehe, kwa sauti, jikoni, nione linavyosikika. Linasikika vizuri. Lakini ni mdomo tu. Nikajaribu kusema sijakusamehe, nalo likasikika vizuri vile vile. Ni kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi na daktari wa meno, unajibonyeza shavu, unajua ni lako, halikujibu. Sitaki kukudanganya kwa neno zuri. Siku nikihisi kitu, kiwe ndiyo au hapana, nitakuandikia siku hiyo hiyo kabla hakijatoroka.

Kuhusu kuja, ngoja kwanza.

Mdogo wako


19 Oktoba

Dada,

Leo shikamoo hupati.

Tuna wageni tangu Jumatano, watu wanne, mume na mke na watoto wao wawili wakubwa, na bibi yao ambaye ni wa tano. Watu wazuri. Wanatundika mataulo. Leo asubuhi yule bibi alikuja jikoni kuomba maji ya moto ya kukanda magoti, tukaanza kuzungumza. Akasifu nyumba. Akasifu ile sehemu ya nyasi, akasema ni pazuri pa kuchezea. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, jinsi wanawake tunavyoulizana, "Na wewe mwanangu, una watoto?"

Nikasema, "Sina."

Neno limetoka jepesi kama nimeulizwa kama tuna chumvi. Yule bibi akasema Mungu atakupa, akachukua maji yake akaenda.

Nimesimama pale. Nikaosha kikombe. Na kikombe kikiwa mkononi nikahisi kitu kinapanda kutoka miguuni, nikadhani naugua. Dada, nilikuwa naye! Miaka mitano nilikuwa naye, na nimesema sina, na nimesema sina kwa sababu yako. Nilitoka nikaenda karakana kwa miguu, na jikoni nimeacha jiko linawaka, shemeji yako ndiye aliyerudi mbio kulizima. Nilipofika nilikutukana mbele ya wateja wake. Nimekuita majina ambayo mama yetu angefufuka kunizaba kofi. Uliharibu maisha yangu kwa ajili ya picha. Ulikula embe ukacheka. Ukaniletea sanduku la nguo nyeusi kwenye mazishi, zimepigwa pasi vizuri, zote kipimo changu. Na mimi nikasema sawa, dada, ahsante, dada, kama ninavyokujibu tangu nikiwa na miaka minne. Nakuchukia kwa ile sawa niliyosema kuliko hata kwa lile neno ulilosema wewe, na sijui kama hilo lina akili, wala sijali.

Baba Chiriku alisimama na kioo chake cha kuchomelea amekipandisha juu ya paji la uso, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilipoishiwa na pumzi akasema, "Endelea." Nikaendelea. Nikalia mpaka nikatapika. Mteja mmoja, mzee wa watu, alikuja kuchukua geti lake, akaweka kofia chini akakaa kitako kusubiri, hakuondoka.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nina njaa. Nimekula mara mbili tangu nirudi na bado nina njaa.

Niliahidi kukuandikia siku hiyo hiyo, ndiyo hii. Nina hasira nawe, dada, na siioni ikiisha kabla ya mwezi wa kumi na moja. Njoo hivyo hivyo. Utalala chumba cha nyuma na sisi, nyumba kubwa ina wageni mpaka mwisho wa mwaka. Nitakugombeza siku ya kwanza, na ya pili, na labda wiki zote tatu, na wewe utakaa unisikilize, hutajitetea, hutafua kitu chochote humu ndani.

Usiniandikie barua nyingine ya kuomba msamaha. Niandikie siku na saa unayofika. Tutakuja wawili kukupokea.

Mdogo wako, mama Chiriku